Amin Kutoka Nyuma ya Pazia

Wajukuu wangu wakinijia na hadithi za siasa zao, kwamba chama kimelikata jina la mtu waliyemtaka na kuwaletea wasiyemjua, mimi huwauliza swali moja tu: mikono yenu mlikuwa mmeiweka wapi? Hucheka. Wanadhani bibi keshaanza kuchanganya. Sichanganyi, ila mambo yangu ya zamani hunijia kwa namna yake, kama unapolala mchana ukumbini na watu wanazungumza: huwezi kujinyanyua, lakini maneno yote yanaingia. Nikiwa katika hali hiyo ndipo ninapoiona tena Wingwi yetu, ya kabla ya uhuru.

Huiona kwanza asubuhi, wakati wa vuli, ukungu umelala juu ya makonde ya muhogo na ng'ombe wanaonekana migongo tu, miguu hawana. Ardhi ya kwetu ina mawe mengi na udongo kidogo. Ukitaka kupanda unatafuta tundu baina ya jiwe na jiwe. Njia ya kutokea kwenye barabara ya gari ilikuwa ya mawe hayo hayo, meupe, yenye meno, na gari halikupata kuikanyaga. Mgonjwa akizidiwa tulimlaza juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne wakakibeba mabegani mpaka linapofika gari.

Kaka yangu, tumbo moja, alimpoteza mkewe juu ya kitanda hicho. Uchungu ulimshika alfajiri, mtoto akakaa vibaya, mkunga akasema huyu apelekwe spitali Wete. Tukatoka naye na jua likawa linapanda pamoja nasi. Mimi nilikuwa pembeni nimeshika mwavuli kumkinga, na nikifumba macho sasa hivi nakiona kivuli cha ule mwavuli kinavyotembea juu ya uso wake, kinakuja, kinakwenda. Alikufa kabla hatujaiona barabara, na mtoto wake tumboni. Wale wanaume wakasimama. Halafu wakageuka na kitanda chao, tukarudi.

Tangu siku ile kaka akawa mtu wa neno moja. Ukimuuliza habari za ng'ombe atakujibu vizuri, atakwambia nani kazaa na nani ana kupe, kisha hujui saa ngapi mmeshaingia kwenye barabara. Mimi nilikuwa nikimtania. Nilimwambia, "Kaka, wewe ukifa tutakuzika barabarani." Akanijibu, "Itengenezwe kwanza."

Miaka ile ndiyo vyama vilipoingia Pemba na kila mtu akawa na chake. Hata harusi ikawa watu wanauliza kwanza ni ya chama gani ndipo waamue kwenda au kuumwa na kichwa. Chetu silitaji jina lake. Mwenye kujua atajua, na asiyejua hakosi kitu. Nakumbuka tu kwamba tulikipenda. Tulikuwa na kadi, tukizihifadhi ndani ya Msahafu. Ikasemwa kutakuwa na uchaguzi, kila jimbo litatoa mtu mmoja akakae kwenye baraza kubwa la Unguja, pale wanapokaa Waingereza na wakubwa wa serikali. Kaka aliposikia hivyo hakulala vizuri wiki nzima.

"Mtu mmoja tu," alikuwa akinambia, "asimame mbele yao aseme kwamba Wingwi watu wanafia njiani. Aseme tu. Wale hawajui, bibie. Wangejua wangefanya." Bibie ndilo jina alilokuwa akiniita toka utotoni, kunidhihaki, kwa vile nilikuwa na amri nyingi kuliko urefu wangu.

Na hapo ni lazima niseme mie nilikuwa mtu gani, kwa sababu bila ya hilo hamtafahamu yaliyotokea. Nilikuwa nimeachika. Mume wangu aliniacha kwa ajili ya ulimi, na silikatai hilo, ulimi ninao mpaka leo. Kitu nisichokitaka kilikuwa hakipiti mbele yangu kikaenda zake salama. Kijijini walikuwa wakisema nikinyamaza basi nina homa. Nikarudi kukaa kwa kaka, nikampikia, nikamlelea nyumba, naye maskini hakupata hata siku moja kunambia nipunguze maneno. Wakati mwingine alikuwa akiniuliza shauri za kuuza ndama, nikimwambia usiuze, hauzi. Nilikuwa napenda hivyo. Hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kunisikiliza.

Mwaka ule ndio wanawake tuliporuhusiwa kupiga kura kwa mara ya kwanza. Mimi kusoma nilikuwa najua, Kiarabu cha chuoni, lakini kuandika kwa herufi za skuli nilikuwa sijui, na nilitaka niandike jina langu mwenyewe kwa karani, siyo kutia dole gumba. Kaka akanifundisha. Alikuwa akimwaga majivu ya jikoni juu ya sinia, anayasawazisha kwa kiganja, halafu anaandika kwa kijiti cha mfagio na mimi nafuatisha. Baada ya alasiri tunakaa mlangoni, sinia baina yetu, upepo ukija tunaliinamia sote wawili ili herufi zisiruke. Sijui kwa nini, katika mambo yote ya uhai wangu, hili ndilo ninaloliota zaidi. Naota majivu tu, na mkono wake unapita juu yake.

Basi tawi letu likatakiwa lipeleke jina la mtu litakayemtaka asimame jimboni. Namna yetu ya kuchagua ilikuwa yetu wenyewe, sijapata kuiona pengine. Tuliweka vifuu vitatu vya nazi juu ya mkeka, kila kifuu na mwenyewe, na kila mwanachama na punje yake moja ya kunde. Unapita, unainama, unavifunika vifuu kwa viganja viwili ili jirani asione punje imeangukia wapi. Wanawake hatukupita mkekani. Mimi nilizunguka majumba yote na vifuu vyangu vitatu ndani ya kapu, nikigeuza uso kila mmoja alipotia mkono. Kifuu cha kwanza kilikuwa cha kaka. Cha pili cha mwalimu wa chuo, mzee mpole aliyetusomesha Kurani sote, ambaye mwenyewe alikuwa akiomba kifuu chake kiondolewe. Cha tatu cha mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi. Tulipomaliza, cha kaka kilikuwa kinamwagika, cha mwalimu kilikuwa na zake chache, na kile cha tatu kilikuwa na punje moja, na sote tulijua ni ya nani.

Kichekesho kilikuja katika barua. Mwandishi wa barua za kijiji kizima alikuwa kaka yangu. Kwa hiyo ilibidi aandike yeye kuwaambia wakubwa wa Unguja kwamba wanachama wa tawi wanamtaka yeye, na kwamba ni mtu mwenye adabu na maarifa. Alikataa kuandika adabu na maarifa. Mwalimu akamwambia, "Andika, mwanangu, ndivyo tulivyosema." Kaka akaandika huku masikio yamemwiva, na lile neno maarifa akaliandika dogo sana, kaliminya pembeni mwa karatasi.

Barua ikaenda. Sisi tukangoja, na kungoja kule kulikuwa kutamu. Ulikuwa msimu wa karafuu, na mimi na wanawake wenzangu tulikuwa tukienda upande wa magharibi wa kisiwa kuchuma, tunarudi na harufu yake kwenye nywele na kwenye vitambaa vya kujifunikia. Njiani tulikuwa tukizungumza kama mambo yameshakuwa. Mwenzangu mmoja alisema barabara ikija atafungua kibanda cha maandazi. Mwingine akasema yeye atapanda gari kila Ijumaa, aende Wete na kurudi, hana anachokwenda kununua. Nilikuwa nawasikia na miguu yangu iko juu ya yale mawe, na mawe siyahisi.

Jibu lilikuja na mtu. Alikuwa mjumbe kutoka makao makuu Unguja, bwana mmoja mzuri wa sura, kanzu inang'ara, kofia ya kazi ya mkono. Gari lilimwacha lilipomwacha, akaja kwa miguu. Alipofika, soli ya kiatu chake cha mguu wa kulia ilikuwa imefunguka kwa mawe, anatembea inafanya pa, pa, pa. Tukamtia maji ya miguu. Akasema, "Mashaallah, kwenu kuzuri, ila njia." Kaka akanitazama kwa mbali, na niliona anavyojizuia asicheke kwa furaha. Alidhani kazi ishafanyika.

Tulikuwa tumechinja mbuzi wawili. Wanawake tulikuwa jikoni tangu baada ya sala ya alfajiri, kwenye moshi wa kuni mbichi, tunapika pilau ya watu wote wa tawi. Kabla ya hapo nilikuwa siku nyingi karafuuni, nimepanda na kushuka. Mwili ulikuwa si wangu. Mkutano ukafanywa chuoni baada ya kula, saa ile ambayo hata kuku wa Wingwi huacha kutembea. Wanaume walikaa upande wa mbele. Sisi tulikaa nyuma ya pazia la kanga zilizoungwa, na mimi nikapata nafasi kwenye nguzo. Nikaegemea. Nilijiambia nafumba macho tu, masikio yako kazini.

Mwanzo wa maneno ya mgeni niliusikia. Alisifu pilau, alisifu umoja wetu. Alikuwa na Kiswahili cha mjini, kimepigwa pasi. Halafu sauti yake ikaanza kuwa mbali, ikawa inapanda na kushuka kama mtu anayezungumza na wewe huku anatembea, na mimi nikaingia mahali pengine. Niliota niko njiani. Mawe yamesagwa, njia nyeupe, laini, pana. Kuna watu wengi pembezoni, na kitanda cha kamba kinapita juu ya gari, na aliyelala juu yake amekaa kitako, anakula chungwa. Mke wa kaka. Akanitazama akasema, "Ondosha mwavuli, bibie, jua si kali." Nilifurahi mpaka kifua kikauma.

Ndipo niliposikia, "Al-Fatiha!"

Kwetu sisi Fatiha si kitu cha kuachwa hewani. Watu wakiposa na posa ikakubaliwa, inasomwa Fatiha. Ng'ombe akiuzwa, mpaka wa shamba ukitengenezwa, ndugu wakipatanishwa, inasomwa Fatiha, watu wanaitikia amin, wanapangusa nyuso, na hapo jambo limekwisha, halirudiwi tena. Mkono wa mtu wa kwetu ukisikia neno lile unanyanyuka wenyewe, haumngojei mwenyewe. Wangu ulinyanyuka na mimi bado nimo ndotoni. Na kwa vile ndoto ilikuwa ile, na moyo ulikuwa umejaa, dua ilipofika mwisho niliitika amin kwa sauti ambayo ilitoka nyuma ya pazia ikawapita wanaume wote. Nilijipangusa uso, nikafumbua macho. Wanawake wenzangu walikuwa wananitazama.

Mwenzangu wa maandazi akaninong'oneza yaliyopita. Mgeni alisoma barua. Kamati kuu imewashukuru wanachama wa Wingwi kwa jina walilopendekeza, na imeona ni bora jimbo lipate mgombea mmoja aliyepitishwa na wakubwa, ili wanachama wasigawanyike. Akataja jina la mtu wa mjini Wete, mwenye duka na gari, ambaye sisi wengi hatujapata kumuona. Watu walikuwa wameanza kuguna. Mwalimu wa chuo alikuwa ameshakohoa kikohozi chake cha kutaka kusema. Na yule bwana hakungoja. Alinyanyua mikono akasema tumwombee mgombea wetu huyu, Al-Fatiha, na mikono yote ikapanda. Hata ya mwalimu. Hata ya kaka yangu.

Nilichungulia kwenye tundu ya pazia. Kaka alikuwa bado ameweka viganja usoni, hajamaliza kujipangusa. Alikaa hivyo muda mrefu, na mgeni alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu vyake.

Hasira zilinipanda. Lakini aibu ilinipanda zaidi. Nilikuwa nimelala, jamani. Jambo la kaka yangu linachinjwa, na mimi nimeegemea nguzo nakoroma. Sikumwambia mtu. Wale wanawake walionitazama walidhani nimekubali, na mimi nikaona bora wadhani hivyo kuliko wajue. Nilijiambia kila mtu kaitika, yangu ni moja tu katika nyingi, itakuwa na uzito gani.

Jioni kaka alinikuta nje nasugua sufuria kwa mchanga. Akasimama. Akaniuliza kwa upole, "Bibie, na wewe uliitika?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema kweli. Mimi nilijibu kwa ule ulimi wangu ulioniachisha kwa mume. "Kwani wewe hukuitika?"

Akasema, "Niliitika." Akaingia ndani.

Siku ya tatu wanaume wa tawi walikuja nyumbani baada ya alasiri, wakajaa barazani. Walisema kuna njia. Mtu anaweza kusimama peke yake, bila ya chama, akachukue fomu bomani, na wao watamtilia saini. Walisema wanachama wote wako nyuma yake. Kaka akasema Fatiha imesomwa. Mwalimu wa chuo ndiye aliyemjibu, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango, macho yangu safari hii makavu. Alisema, "Mwanangu, dua ni kumtakia mtu kheri. Tumemtakia kheri yule bwana wa Wete, na Mungu ampe. Kumtakia mtu kheri si kumpa kura. Kama hilo ndilo linalokuzuia, mimi nakutoa shaka."

Niliona kizuizi kimeondoka. Nilingoja aseme naam. Kaka alikuwa anasokota kamba ya kufungia ng'ombe, akaendelea kuisokota, akasema, "Nimeshukuru sana, mwalimu. Lakini sisimami."

"Kwa nini?"

"Basi tu."

Walikuja tena, na tena. Siku za fomu zilikuwa zinakwisha, kila mtu kijijini anajua ni ngapi zimebaki. Mimi nikamwona kaka yangu mwoga. Sikumwambia, lakini nilimwekea chakula bila ya kukaa, nikawa namjibu ndiyo na siyo. Kunyamaza kwangu kulikuwa kukubwa kuliko maneno, na nilijua kunamuuma, nikaona vyema, kumuume. Siku ya mwisho ya fomu aliamka, akatia kanzu, akasimama mlangoni kama mtu anayekwenda mahali. Nilikuwa napembua mchele. Alinitazama sana. Nikafikiri anataka kahawa. Nikamwambia, "Kahawa imo kwenye deli." Akasimama kidogo, akaivua ile kanzu, akavaa shuka, akaenda kwa ng'ombe wake.

Sinia la majivu halikutoka tena. Herufi nilikuwa nimeshazijua.

Siku ya kura tulikwenda pamoja, kwa miguu, alfajiri ya baridi, ukungu unatufika kiunoni. Nilivaa buibui jipya. Kituo kilikuwa skuli, mstari wa wanawake upande huu na wa wanaume upande ule, na watu ni wengi mno, na bado kimya, kama wamekwenda kuzika. Wanaume walimaliza mapema. Kaka akapiga kura yake, akaja kusimama karibu yangu kuningojea. Mstari wetu ulikuwa unakwenda pole pole. Jua lilitoka, ukungu ukanyanyuka, watu wakaanza kupata miguu.

Miezi ile yote ya kununa ilikuwa imenichosha. Nikamwambia, "Kaka, leo ningekuwa nakwenda kukutafuta wewe kwenye karatasi ile."

Akageuka. "Wewe?"

"Mie, nani mwengine? Ungelisimama ungelipata. Lakini uliogopa."

"Sikuogopa," akasema. "Nilikusikia."

"Ulinisikia nini?"

Alikuwa anatazama chini, anachokoa mchanga kwa kidole cha mguu. Akasema, "Wenzako wote waliitika chini chini. Kwa mazoea, kama mimi. Ile yako ilitoka juu, kwa furaha. Nikasema, huyu ndugu yangu kitu asichokitaka hakipiti mbele yake. Kama yeye kaitika vile, basi kaona kwangu kitu ambacho wengine hawajakiona. Pengine sifai. Pengine anajua mimi nitakwenda kule nitetemeke mbele ya Wazungu. Nikaja kukuuliza, ukanijibu ulivyonijibu. Siku ya mwisho nilivaa nikangoja unambie nenda. Ungesema nenda, ningekwenda."

Mwanamke wa mbele yangu alisogea. Mimi sikusogea, wa nyuma akanisukuma.

"Nilikuwa nimelala," nikasema.

"Umelala?"

"Nimelala, kaka. Kwenye nguzo. Nilikuwa naota barabara yako. Niliposikia Fatiha nilidhani..." Nililia pale pale mstarini, mbele ya watu, mimi ambaye kijiji kizima hakijapata kuniona na chozi.

Niliingojea nafsi yangu ipate inachostahiki. Nilitaka anitukane, au anyamaze aondoke. Kaka yangu aliinua uso, na ule uso ulikuwa umefunguka wote, kama alivyokuwa siku alipooa.

"Kwa hiyo hukunikataa," akasema.

"Nikukatae mie?"

"Kumbe hapana aliyenikataa." Akacheka, akanifuta uso kwa ncha ya kilemba chake. "Miezi yote hii, bibie. Kumbe hapana."

Alifurahi, wallahi. Fomu zimefungwa zamani, kura zinapigwa, mtu wa Wete anazunguka na gari lake, na kaka yangu anafurahi. Ningestahimili kitu chochote kingine.

Karani akaita anayefuata. Nikaingia. Nikaandika jina langu, mkono umetulia, karani akatikisa kichwa kwa kunisifu. Nikapewa karatasi, nikaenda nayo pembeni walikonionyesha. Nikaisoma kutoka juu mpaka chini, herufi moja moja, kisha nikaisoma kutoka chini kurudi juu. Nilikaa nayo muda mrefu. Karani akasogea akaniuliza kama nimeshindwa kusoma.

Nikamwambia hapana, nimesoma yote.